Gofu Halina Jirani

Niliitwa kuchora magofu ya jumba ambalo lilikuwa bado halijamalizwa kujengwa.

Aliyekuja kuniita alikuwa Bwana Ngwali, mtu mrefu, kanzu yake haina kunjo hata moja, na cheo chake kilikuwa Msimamizi wa Mabaki. Alinikuta uani kwangu asubuhi nikikoroga rangi ya kibao cha kinyozi, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu wakati ule: vibao vya vinyozi, vya maduka ya dawa, na maneno ya kwenye milango ya malori. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Mimi nilikuwa Msimamizi wa Mabaki katika utawala wa Mtukufu."

"Pole sana, bwana. Wamekuachisha kazi?"

"La, ningali kazini. Sisi wa jumbani ndivyo tusemavyo. Wewe ndiwe uliyekuwa Ussi mchoraji?"

Nikamwambia ndimi.

"Ulisomeshwa na Lambati, tena ukasomeshwa na yule bibi wa visiwani. Mtukufu alitaka mtu aliyesomea magofu."

Ni kweli, nilisomea magofu. Chuo chetu cha uchoraji, kabla hakijageuzwa ghala, kilikuwa na walimu wawili wageni ambao hawakuwahi kula meza moja. Bwana Lambati alitoka nchi za magharibi, kwenye majengo ya mawe. Alikuja na sanduku la picha: matao yaliyopasuka, nguzo zimelala chini kama ng'ombe waliochinjwa, mitini imetoboa makuba na kutoa majani juu, na daima, chini kabisa, mtu mdogo kama mdudu akichunga mbuzi. Siku moja nilimuuliza yule mtu ni nani. "Huyo si mtu," Lambati akanijibu, "huyo ni kipimo. Bila yeye utajuaje kwamba nguzo ni kubwa?" Alitusimulia kwamba kwao matajiri waliokosa gofu mashambani mwao walilijenga jipya, ukuta uliovunjika tangu siku ya kwanza, mnara ambao haukupata kuwa na kilele. Na kwamba wachoraji walizichora kumbi za wafalme zimeanguka hali zingali zimesimama, na wafalme wakafurahi. Tukamuuliza, walifurahia nini? Akacheka. "Kwamba watasimama hata baada ya kuanguka."

Bibi Sayo alitoka visiwa vya mashariki, ambako watu walijenga kwa mbao na karatasi, na moto au tetemeko la ardhi likipita halibaki jiwe juu ya jiwe kwa sababu mawe yenyewe hayakuwapo. Yeye alikuwa na picha moja tu, ya kukunja. Alipoikunjua tuliona nyasi, mstari wa mawe bapa yaliyokaribia kuzama ardhini, korongo mmoja, na weupe mwingi. "Hili ni jumba la mfalme," akasema. Wanafunzi tukaangua kicheko. Jumba liko wapi, Bi Sayo? "Lilikuwa hapo unapolitafuta." Akatuambia pia juu ya nyumba moja ya ibada kwao, ambayo kila miaka ishirini huvunjwa na kujengwa upya kiwanja cha pili, mbao mpya, viungo vilevile, na watu huapa kwamba ni kongwe. Kilicho kikongwe basi ni kipi, akauliza, mbao, au mkono unaojua kuzichonga? Hakuna aliyemjibu. Ilikuwa karibu saa ya chakula.

Ukweli niuseme sasa, nisije nikadhaniwa nililazimishwa: mimi nilipenda picha za Lambati. Nilipenda mawe. Nilitaka kuwa mtu wa kitu kinachobaki.

*

Jumba lilijengwa juu ya kilima, na Mtukufu alinipokea katika ukumbi usiokuwa na paa. Nilitarajia jitu. Nikakuta mzee mdogo, ana mafua, anamenya yai la kuchemsha na kuyaweka maganda juu ya goti lake moja baada ya moja. Walinzi na makarani waliomzunguka walizungumza juu ya nafsi zao kama Bwana Ngwali: nilikuwa karani, tulimpenda sana, nilikuwa na watoto wanne. Palikuwa kama matangani, ila marehemu wote wamekaa.

"Keti," Mtukufu akaniambia. Yeye peke yake alisema kwa wakati uliopo. "Nijibu swali. Dola zote ninazozijua, nimezijua kwa kitu gani?"

"Kwa magofu yake, Mtukufu."

"Na waliojenga kwa udongo na makuti?"

Nikayatazama maganda ya yai.

"Unaona? Hata wewe huwajui, na ndio babu zako." Akapenga kamasi. "Watu hudhani mtawala anaogopa kufa. Mimi siogopi kufa. Naogopa kwamba sikuwapo. Aliyeko hasa ni nani, Ussi? Yule anayepumua, au yule anayeacha kitu cha kukwaza miguu ya watu? Mimi siwezi kungoja miaka elfu nikaone nilivyobaki. Nichoree."

Nilichora siku arubaini, kwenye turubai iliyoenea ukuta mzima. Nilivunja matao kabla mafundi hawajayafunga. Niliotesha mitini kwenye ngazi ambazo wapagazi walikuwa bado wanazipandisha. Mchana niliwasikia nyuma ya ukuta wakiimba na kupiga nyundo, na mimi upande huu, kwa brashi ya nywele nne, nazitia nyufa kazi zao kabla ya jasho lao kukauka. Nakiri kwamba nilikuwa na furaha. Sijawahi kuchora vizuri namna ile, wala sitachora tena. Kuna utamu wa ajabu katika kubomoa kitu usichokigusa. Mkono unahisi una nguvu za miaka, unafanya kwa alasiri moja kazi ambayo mvua ingeifanya kwa karne nzima, na hakuna anayelia. Hapo ndipo penye hatari yake: hakuna anayelia, basi unaendelea.

Mtukufu alipokuja kuitazama alilia yeye. Alisimama mbele ya nguzo zake zilizoanguka, machozi na mafua yakichanganyika, akasema, "Nilikuwapo." Kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema kama wengine. Kisha macho yake yakashuka pembe ya chini, kushoto.

"Na hawa ni nani?"

"Ni Mtaa wa Chokaa, Mtukufu."

Ulikuwa mtaa wa wachoma chokaa, nyumba za udongo zilizoegemea ukuta wa jumba kama watoto mgongoni mwa mama yao. Chokaa yote ya jumba ilitoka kwao. Niliuchora jinsi ulivyokuwa, na moshi wake, na kanga kwenye kamba, kwa sababu ulikuwapo.

"Baada ya miaka elfu wangali wanaanika nguo?"

"Sikufikiri hilo, Mtukufu."

"Gofu halina jirani," akasema kwa upole kabisa, kama mwalimu. "Ukiliwekea jirani linakuwa nyumba mbovu. Weka nyasi. Na uweke mtu mmoja na mbuzi, nione ukubwa wangu."

Katika mtaa ule alikaa dada yangu Sikudhani. Ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Alikuwa akikaanga vitumbua na kuwauzia wachoma chokaa asubuhi, na nyumba yake nilikuwa nimeichora mwenyewe, kiasi cha ukucha, na jiko lake nje. Nilichukua brashi pana, ile ya kupakia vibao, nikaipitisha rangi ya nyasi juu ya mtaa mzima. Kazi ya alasiri moja. Nilijiambia: ni rangi tu. Niliyarudia maneno hayo mara nyingi, na mtu harudii neno ambalo analiamini.

Ilipofika zamu ya kumchora mchungaji, mkono wangu ukachora kitu ulichokizoea. Ukachora mwanamke aliyeegemeza uzito wake mguu wa kulia, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika fimbo. Ndivyo Sikudhani alivyosimama tangu alipoanguka kutoka juu ya paa utotoni, akavunjika nyonga ya kushoto. Sikuliona hilo mpaka rangi ilipokauka.

*

Wiki ile haikwisha. Niliamshwa na mngurumo, nikakimbia mpaka Mtaa wa Chokaa, nikakuta makatapila matatu na malori yamepangana. Bwana Ngwali alikuwa amesimama juu ya pipa, kanzu yake safi katika vumbi lile, mkononi ana picha yangu iliyopigwa chapa kwenye karatasi, anamwonyesha dereva.

"Hapa palikuwa na nyasi," alikuwa akisema. "Na hapa nyasi. Mpaka kwenye jiwe lile."

Nilimvuta kanzu. "Bwana Ngwali! Hizo ni rangi! Watu wamo ndani!"

Akanitazama bila hasira. "Mchoro ulitiwa sahihi."

"Mtukufu ametia sahihi?"

"Sahihi yako, Ussi. Ipo hapa pembeni."

Watu walitolewa wakiwa na walichoweza kubeba. Niliwaona majirani wakipandishwa malori na kuambiwa wanapelekwa Bonde la Chumvi, safari ya siku mbili, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kujenga kwa sababu ukuta wa udongo hauwezi kukauka pale. Mtu mmoja aliniona akaniita kwa jina, akidhani nimekuja kuwaombea. Nilijificha nyuma ya gurudumu la lori.

Sikudhani alitoka na karai lake kichwani. Alikuwa anachechemea kuelekea lori la mwisho Bwana Ngwali aliposema, "Hebu." Akatazama karatasi. Akamtazama dada yangu. Akatazama tena karatasi. "Huyu abaki."

Walimpa mbuzi sita na fimbo. Nyasi zililetwa zimekatwa vipande kama mazulia, zikatandazwa juu ya kifusi na kumwagiliwa maji kwa mipira, katika mji ambao watu walipanga foleni ya maji. Kuanzia jua kuchomoza mpaka kuzama, Sikudhani alitakiwa asimame mahali pake, mguu wa kulia, mkono kiunoni. Jioni walimpeleka kwenye hema nyuma ya kilima. Walizungusha kamba hatua mia mbali naye, na walinzi wanne, asije mtu akamkaribia, kwa sababu mtu wa pili angeharibu kipimo.

Nilikwenda kwenye kamba siku ya tatu. Aliniona. Tulitazamana kwa mbali, naye akaita kwa sauti ileile aliyokuwa akiniitia nikanawe nije kula:

"Ussi! Nifute!"

"Dada, umeona waliofutwa walikopelekwa!"

"Nimeona! Walipelekwa pamoja!"

Nilimwendea Bwana Ngwali nikamuuliza, kama mtu anayeuliza kwa ajili ya kazi tu, nikimtoa yule mchungaji kwenye picha itakuwaje. Alifikiri kwa makini, maana alikuwa mtu wa makini. "Ulipofuta mtaa tulipata malori," akasema. "Lori la mtu mmoja hatukuwa nalo." Kisha akalitazama shimo la chokaa lililobaki wazi nyuma ya kilima, akarudi kwenye karatasi zake.

*

Bibi Sayo alikuwa bado anaishi katika chumba kimoja nyuma ya kilichokuwa chuo chetu, akishona miavuli ya watu. Mikono yake ilitetemeka, lakini sindano ilipogusa kitambaa ilitulia.

"Shikamoo, Bi Sayo."

"Marahaba. Nimesikia umechora nyasi."

"Ndiyo, mwalimu."

"Umezichora vizuri?"

"Vizuri."

"Hilo ndilo baya," akasema, akakata uzi kwa meno.

Nilimweleza yote, jinsi nisivyoweza kumfuta dada yangu wala kumwacha. Alisikiliza huku akishona, na nilipomaliza aliendelea kushona mpaka mwavuli ukakamilika. Kisha akaufungua, akaufunga, akauweka chini.

"Sisi kwetu," akasema, "tulipokuwa na kitu tusichotaka kukionyesha, wala hatutaki kukiua, tuliweka ukungu. Mlicheka. Mlidhani pale pameachwa wazi kwa sababu ya uvivu. Ukungu haufuti, Ussi. Ukungu unasitiri. Aliye ndani yake yumo, ila huwezi kuapa yuko wapi."

"Na ukungu ukiondoka?"

"Watatazama nani amepungua."

"Halafu?"

"Halafu utakuwepo wewe. Usiniulize mimi hilo. Mimi nilikimbia kwetu, sikubaki kuona nani alisimama mahali pangu." Akachukua mwavuli mwingine.

Nilirudi jumbani nikamwambia Mtukufu kwamba picha ina jua mno, haina umri, inahitaji ukungu wa alfajiri chini, ili nguzo zionekane zinaelea. Akapiga makofi kama mtoto. "Mbona hukuniwekea tangu mwanzo?" Nikamwambia mwalimu wangu wa kwanza alipenda jua. Basi nikapaka weupe, ukanda mmoja mrefu juu ya nyasi. Nilibakiza migongo ya mbuzi. Nilimfunika dada yangu miguu, kiuno, kifua, uso, nikaacha ncha ya fimbo tu imetokeza. Sikuwa nimewahi kuchora kitu ambacho lengo lake ni kutokuonekana.

Katika mji wetu hapakuwa na ukungu. Ni nchi kavu. Lakini Bwana Ngwali hakushindwa na jambo kama hilo. Alichimbisha mashimo kuzizunguka nyasi, akayajaza majani mabichi na mabua yaliyoloweshwa maji, akatangaza kwamba kila siku, jua likianza kuchomoza, yatawashwa.

Mchana wa kabla ya siku ya kwanza nilikwenda kwenye kamba. Walinzi walinijua, hawakunifukuza. Nikaita:

"Dada! Kesho ichomeke fimbo ardhini! Mikono isikuchoke!"

Mlinzi mmoja akacheka, akasema kweli kabisa, hata mimi ningechoka. Sikudhani alinitazama, kisha akayatazama mashimo na majani yake, kisha akanitazama tena.

"Na wewe?" akaita.

"Mimi nitakuja kutazama picha yangu!"

Asubuhi moshi ulipanda mweupe, mzito, ukatambaa juu ya nyasi kama nilivyouchora. Ulikuwa mzuri. Mungu anisamehe, lakini hata wakati ule niliona kwamba ulikuwa mzuri. Walinzi walikohoa, wakajifunika nyuso kwa mashati yao. Migongo ya mbuzi ilionekana, ikapotea. Ncha ya fimbo ilisimama wima, haikutikisika. Upande wa magharibi palikuwa na mfereji wa maji machafu, na anayeufuata huo hutokea barabara ya Bonde la Chumvi. Sikugeuza shingo kuutazama. Nilisimama pale pale, nikitokwa machozi ya moshi, nikihesabu pumzi zangu, na kila pumzi nilimwongezea hatua mbili za mguu mbovu.

Moshi ulipoinuka, kwenye saa tatu hivi, palikuwa na fimbo na mbuzi sita.

Bwana Ngwali alikuja. Alitazama karatasi, akatazama nyasi. Aliinama akaivuta fimbo, akaangalia tundu lake, akairudisha. Hakufoka. Alinijia mpaka kwenye kamba.

"Mchoro una mtu," akasema.

"Una fimbo tu, Bwana Ngwali. Tazama mwenyewe."

"Fimbo iliyoshikwa na nani?"

Nikaitazama ile fimbo.

"Yule alikuwa nduguyo?"

"Ni dada yangu. Tumbo moja."

Akanipima kwa macho, juu mpaka chini, kisha akaniinulia kamba nipite, kwa adabu, kama mtu anavyomfungulia mgeni mlango. "Basi simama kwa mguu wa kulia."

*

Nilisimama. Hayo ndiyo maisha yangu yaliyofuata, na kuyasimulia ni vigumu kwa sababu hayana mbele wala nyuma. Mtu akisimama mahali pamoja wakati haumpiti. Unamzunguka, kama maji yanavyolizunguka jiwe. Nyonga ya kushoto ilianza kuniuma, nyonga ambayo sikuivunja mimi. Usingizini niliota naanguka kutoka juu ya paa. Kuna siku nilijishika nikinyoosha mkono kugeuza kitumbua.

Walikuja watu kutazama. Walisimama mbali, wakaninyooshea vidole, wakavinyoosha kwa nguzo. Nilijua wanachosema. Tazama jinsi zilivyo kubwa.

Mimi ni kipimo. Kipimo cha nini? Cha nguzo. Na nguzo ni kipimo cha nani? Cha mzee mwenye mafua. Na yeye? Kila kimoja kinashikilia kingine kisianguke, na chini kabisa pana mtu mmoja, mguu umekufa ganzi. Mtu huyo akikaa kitako? Sikukaa. Niliogopa. Nyasi zilikua. Mbuzi walizaa, wakafa, wakazaa. Sijui. Mvua. Jua. Chini ya nyayo zangu, mvua ikinyesha sana, vilitokeza vitu: mpini wa upawa, kipande cha sahani, shanga. Nilivisukuma ndani kwa kidole cha mguu. Niliona aibu kuvitazama. Lambati hakutuambia kwamba chini ya yale majani pana masufuria ya watu. Labda hakujua. Labda yule mdudu mwenye mbuzi alijua, na ndiyo maana katika picha zote ametugeuzia mgongo.

Mtukufu alikufa kwa mafua yake. Nilijua kwa sababu nyundo zilinyamaza. Makarani waliondoka na viti. Watu wa mjini walizifuata mbao za majukwaa kwa ajili ya kuni, kisha mabati, kisha misumari. Jumba likabaki lisilo na paa, matao yamefungwa nusu, na mitini ikaanza kuota kwenye ngazi bila kungoja hiyo miaka elfu. Asubuhi moja walinzi hawakuja. Asubuhi iliyofuata pia. Moshi haukuwashwa. Mimi nikaendelea kusimama. Hakuna aliyekuja kuniambia niache, nami nilikuwa nimesahau kwamba mtu huweza kujiambia mwenyewe.

Ndipo wakaja wao, wakitokea barabara ya Bonde la Chumvi kwa miguu. Wanawake saba na wazee wawili wa kiume. Macho yao yalikuwa mekundu, yameliwa na chumvi, na ngozi ya vifundo vyao imepasuka. Mmoja wa wanawake, wa umri wa miaka arubaini hivi, alikuwa na boriti nne begani. Aliruka kamba iliyokuwa imeoza, akanijia moja kwa moja.

"Jina langu Mize," akasema. "Nilikuwa nikikaa hapa. Wewe ndiwe uliyechora nyasi?"

"Ndimi."

Alizitua boriti. Nilingoja kofi. Lilikuwa haki yake, na nadhani nililitamani. Hakunipiga.

"Tulioondoka tulikuwa mia tatu na ushei," akasema. "Tuliorudi ndio hawa. Usiniulize majina ya wengine, maana nikianza sitamaliza leo."

Nikauliza kwa sauti iliyokuwa imeota kutu, "Sikudhani?"

"Alifika. Alitambaa siku ya mwisho, lakini alifika. Yuko hai, anakaanga vitumbua kwa unga wa mihogo." Akafikicha macho. "Tulimwambia twende. Akasema hawezi kurudi kusimama mahali ambapo watu wamezoea kumtazama kwa mbali."

"Aliniagiza chochote?"

"Hakukuagiza kitu."

Nilitikisa kichwa kukubali. Mize alizunguka mahali pale akipapasa nyasi kwa miguu, akarudi, akanitazama.

"Nyumba yangu ilikuwa wapi?"

Nilitazama. Mimi niliyeweza kuchora kwa kichwa kila ufa wa kila nguzo kwenye kilima kile, mimi niliyezaliwa hatua hamsini kutoka pale, nilitazama nyasi nikaona nyasi.

"Sijui," nikasema. "Nilipitisha brashi pana."

Mize alikwenda hatua kadhaa, akalala kwa ubavu juu ya majani, mkono chini ya shavu, akakitazama kilima. Akainuka, akasogea kidogo upande wa kulia, akalala tena. Akasogea tena. Wenzake walimngoja bila haraka, kama watu waliokwisha kuliona jambo hilo. Mara ya nne hakuinuka. Alibaki amelala, macho wazi, akikiangalia kilima kwa pembe aliyoijua.

"Kitanda kilikuwa hapa," akasema. "Mlango ulikuwa kule."

Akasimama, akapangusa kanga, akazing'oa nyasi za Mtukufu kwa mikono yote miwili. Zilitoka kipande kizima, kama zulia, na chini yake palikuwa na udongo mwekundu na vigae. Akachimba tundu kwa chuma kilichochongoka. Kisha akainua boriti moja, akaitumbukiza, akanigeukia.

"Njoo ushike."

Nilipojaribu kuondoka mahali pangu nilianguka. Nilikwenda kwa magoti. Nilishika boriti kwa mikono miwili nikiwa nimepiga magoti vile vile, naye akaanza kurudishia udongo na kuushindilia kwa kisigino, kwa nguvu, mpaka nikausikia mshindo viganjani.

"Usiachie," akasema. "Bado tatu."